Bei ya Kisu na Ubora Wake: Maelezo kwa Wanunuzi na Wakusanyaji



Tumeombwa tuzungumze juu ya swali ambalo huulizwa na watu wanaokusanya visu, na vilevile na watu wasiojihesabu kuwa wakusanyaji, ila wana jambia moja la babu ndani ya kasha na hawajui lina thamani gani. Swali lenyewe ni hili: je, bei ya kisu ni kipimo cha ubora wake? Jibu letu ni kwamba bei hupima ubora mpaka mahali fulani, kisha huacha kuupima na kuanza kupima mambo mengine kabisa. Tutajaribu kuonyesha mahali hapo palipo, kwa sababu hapo ndipo akiba za watu zinapopotelea.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa bidhaa nyingi methali hiyo ni mwongozo mwema. Kwa visu inapasa kuitumia kwa hadhari, kwa kuwa kisu kibaya ndicho mara nyingi kilichong'arishwa zaidi, na ubora wa kisu umo ndani ya chuma, mahali ambapo jicho halifiki.

Tuanze na kisu cha kazi. Anayekinunua hulipia mambo matatu: chuma chenyewe, moto kiliopitishwa, na mkono wa aliyekifanya. Chuma chenye kaboni kidogo mno hakipokei makali. Utakinoa asubuhi na adhuhuri kitakuwa butu. Chuma chenye kaboni ya kutosha hupokea makali, lakini kwa sharti kwamba mhunzi akitie moto mpaka kiive, akichovye ndani ya mafuta au maji, kisha akirudishe kwenye joto la wastani ili kipunguze ukavu wake kisije kikavunjika kama kioo. Visu viwili vilivyokatwa katika bamba moja la chuma, kimoja kikapata moto uliopimwa vema na kingine kikaharakishwa, vitakuwa visu viwili tofauti. Tofauti hiyo haionekani dukani. Huonekana jikoni, baada ya mwezi.

Viwanda hupima ugumu wa chuma kwa kipimo cha Rockwell. Visu vingi vya jikoni vya mtindo wa Kijerumani huwa na ugumu wa kati ya 55 na 58, na vingi vya mtindo wa Kijapani hufika 60 na kupita. Muuzaji atakwambia kwamba namba kubwa ndiyo bora na ndiyo sababu ya bei. Si hivyo. Chuma kigumu hukaa na makali muda mrefu, lakini humeguka kikigonga mfupa, na kukinoa ni kazi ya mwenye subira. Chuma laini kidogo hupoteza makali mapema na huyarudisha upesi kwenye kinoo cha kawaida. Nyumba inayokata kuku na mifupa yake haihitaji kisu cha ugumu wa 62, hata kikitolewa bure.

Katika sehemu hii ya chini ya soko, bei na ubora hufuatana kwa kiasi. Kisu cha bei ya kutupwa, ambacho bapa lake hupinda ukikikata kiazi kikuu, hakika ni kibaya. Kisu kinachogharimu maradufu au mara tatu ya hicho kwa kawaida ni bora kweli. Lakini kilele hufikiwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Mfano ulio karibu nasi ni Okapi, kisu cha kukunja chenye mpini wa mbao na pete nyuma ya shingo, ambacho wazee wengi wamewahi kukibeba mfukoni. Kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika, na mwishoni mwa miaka ya 1980 utengenezaji wake ukahamia Afrika Kusini. Ni kisu cha bei ndogo, hakina pambo la maana, na bapa lake la chuma cha kaboni hushika kutu usipolipaka mafuta. Hata hivyo hukata vizuri, na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani hukitafuta. Opinel ya Ufaransa, iliyoanzishwa na Joseph Opinel mwaka 1890, nayo ni hivyo hivyo: bei ya kawaida, kazi ya kuaminika, historia ndefu. Anayesema kwamba kisu kisichogharimu mshahara wa mwezi hakifai kukusanywa hajavitazama hivi viwili.

Na tusiwasahau wahunzi wetu wenyewe. Sime ya kiasili hufuliwa kwa tupa kuukuu au kwa springi ya gari. Springi ni chuma kilichotengenezwa kupinda na kurudi bila kuvunjika, na tupa ni chuma kigumu chenye kaboni nyingi. Kwa hiyo mhunzi wa kando ya barabara aliyechagua mali hizo na kuzitia moto kwa uangalifu hukupa bapa linaloshinda visu vingi vya dukani vyenye sanduku la mahameli. Aghalabu sime zinazopangwa mbele ya wageni kwenye maduka ya mapambo, zenye ala nyekundu na shanga, si za namna hiyo. Nyingi hukatwa katika bati au chuma laini, na hazikukusudiwa kukata kitu. Ajabu ni kwamba hizo ndizo ghali zaidi. Mnunuzi amwombe muuzaji apitishe tupa mpya mahali palipofichika, karibu na mpini: ikiteleza bila kuuma, bapa limetiwa moto, ikiuma na kutoa unga, ni chuma laini. Muuzaji akikataa, hilo nalo ni jibu.

Sasa tuingie katika mambo yanayopandisha bei bila kugusa makali. La kwanza ni jina. Jina la mahali linaweza kuwa na sheria nyuma yake au lisiwe nayo. Jina la Solingen lililindwa kwa sheria ya Ujerumani tangu mwaka 1938, na mtengenezaji wa mahali pengine haruhusiwi kulipiga kwenye bapa lake. Anayelipia neno hilo, likiwa la halali, analipia jambo lenye ushahidi. Laguiole ni habari nyingine. Ni kijiji cha Ufaransa ambacho kisu chake chembamba chenye nyuki mdogo juu ya mgongo kilipata sifa tangu karne ya 19. Lakini jina hilo limetumika kwa mapana mno: kwa miaka mingi visu vingi vyenye jina Laguiole vimetengenezwa Thiers, mji mwingine wa Ufaransa wenye wahunzi hodari, na vingine vingi vimetoka viwanda vya Asia. Viwili vinavyofanana kwa mbali, vyenye neno moja kwenye bapa, huweza kutofautiana bei mara ishirini. Hapo neno peke yake halimwambii mnunuzi lolote. Inampasa aulize jina la karakana na nchi kilikofanyiwa.

Jina la pili linalouzwa sana siku hizi ni Dameski. Vyuma vya kale vilivyopata sifa kwa jina hilo vilifuliwa kwa mapande ya chuma yaliyoyeyushwa India ya Kusini na Sri Lanka, na michirizi yake ilitokana na namna chuma chenyewe kilivyopoa. Ufundi huo ulikatika. Kinachoitwa Dameski leo, kwa sehemu kubwa, ni aina mbili za chuma zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, zikaunganishwa kwa moto na nyundo, kisha zikachovywa katika asidi ili aina moja iwe nyeusi na nyingine ibaki nyeupe. Si udanganyifu, fundi hodari hufanya kazi ya kupendeza kwa njia hiyo, na saa zake za kazi zina haki ya kulipwa. Lakini michirizi ni pambo. Haiongezi makali. Ubora wa kisu hicho unategemea vyuma viwili vilivyotumika na moto wake, na visu vingi vya bei nafuu vya namna hii huuzwa bila kutajwa ni vyuma gani. Wako pia wanaochora michirizi kwa asidi au kwa mwanga wa leza juu ya chuma cha kawaida. Ili kuwatambua, tazama mgongo wa kisu: michirizi ya kweli huvuka kutoka ubavu mmoja kwenda wa pili, kama nyuzi za mbao. Ya kuchorwa huishia ukingoni.

Jambo jingine ni uchache wa kutengenezwa. Viwanda hutoa visu vyenye namba na hati, vikaitwa toleo maalumu. Uchache huo mara nyingi ni wa kujipangia. Kisu chenye namba moja kati ya elfu tano, kilichowekwa sandukuni na wote elfu tano walionunua, hakitakuwa adimu miaka thelathini ijayo, kwa sababu vyote elfu tano vitakuwa bado vipo na vyote vitakuwa vipya. Visu vinavyopanda thamani kweli ni vile ambavyo watu walivitumia, wakavipoteza, wakavinoa mpaka vikaisha, vikabaki vichache. Anayenunua toleo maalumu kwa kuwa analipenda, na alipende. Anayelinunua kama akiba ya uzeeni, tunamshauri aulize kwanza duka lile lile litampa kiasi gani akilirudisha mwaka ujao.

Tumefika kwenye jambia, na hapa tunaomba subira yenu, kwa sababu hapa ndipo bei na makali vilipoachana kabisa, na hapa ndipo watu wa pwani yetu wanapoumia, wanunuzi na wauzaji pia.

Jambia la Omani, ambalo wenyewe huliita khanjar, ni vazi. Limo katika bendera ya nchi hiyo, na mwaka 2022 ufundi wake na desturi zake ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Unguja na Lamu bwana harusi amelivaa pamoja na joho na kilemba kwa vizazi vingi. Kwa kuwa ni vazi, bapa lake halikuwa jambo kubwa. Majambia mengi mazuri yana bapa la kawaida tu. Thamani imo katika mpini, katika ala, katika fedha iliyofumwa kwa nyuzi, katika mkono wa sonara, na katika habari ya nani aliyelivaa. Mtu anayepima jambia kwa makali yake atalikataa la maana na kuchukua la ovyo.

Basi fedha kwanza. Fedha nyingi ya zamani ya Omani na ya pwani ilipatikana kwa kuyeyusha reale za Maria Theresa, zile zilizoandikwa 1780 hata zikipigwa karne nzima baadaye. Reale moja ina gramu 28 hivi, na katika sehemu 1,000 sehemu 833 ni fedha. Kwa hiyo reale kumi zina fedha tupu gramu 234 hivi. Tunataja hesabu hii ili mnunuzi aelewe kwamba fedha ina bei yake ya siku, inayoweza kuulizwa kwa sonara yeyote, na kwamba bei ya jambia inaweza kugawanywa: kiasi hiki ni cha madini, kinachobaki ni cha ufundi na historia. Kinachobaki kikiwa kikubwa, muuzaji awe na maelezo. Tahadhari moja: ala ina ubao na ngozi ndani yake, basi uzito wote wa jambia si uzito wa fedha.

Si kila kinachong'aa kwa weupe ni fedha. Ile inayoitwa fedha ya Kijerumani ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, na haina fedha hata chembe. Watu wengi huja na sumaku wakidhani itawasaidia. Sumaku haivuti fedha, wala haivuti fedha ya Kijerumani. Itakachokwambia ni kama kuna chuma chini ya rangi, basi. Kilichopakwa fedha kwa juu hujionyesha kwenye kingo zilizosuguliwa na mkanda, ambapo manjano au wekundu huchungulia. Kwa uhakika, mpelekee sonara asiyekuwa rafiki wa muuzaji, apime kwa asidi. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na unachotaka kutoa.

Kisha mpini. Muuzaji atashusha sauti na kukwambia kwamba mpini huu ni pembe ya kifaru, na ndiyo maana bei ni hiyo. Tunaomba hapa tusikilizwe vizuri. Ni kweli kwamba pembe ya kifaru ilitumika, Omani na hasa Yemeni, na kwamba haja ya mipini hiyo katika miaka ya 1970 ilichangia sana kuwamaliza vifaru wa bara letu. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 1977, biashara ya pembe hizo kati ya nchi na nchi imezuiwa chini ya mkataba wa CITES, na sheria za wanyamapori za nchi zetu, kama ile ya Tanzania ya mwaka 2009, hazimruhusu mtu kumiliki wala kuuza nyara bila kibali. Mipini mingi ya leo ni ya mbao, ya pembe ya nyati wa kufugwa, ya mfupa au ya plastiki. Kwa hiyo maneno ya muuzaji yana njia mbili tu. Akisema kweli, anakuuzia kosa la jinai, na litakukuta mpakani au uwanja wa ndege, si yeye. Akisema uongo, amekuuzia plastiki kwa bei ya kosa la jinai. Katika hali zote mbili, rudisha jambia mezani, shukuru, ondoka. Maneno hayo hayo yanahusu pembe ya ndovu.

Tugeukie upande wa pili, wa familia. Mara nyingi hasara kubwa hailetwi na mnunuzi aliyelipa kupita kiasi, bali na mjane au mjukuu aliyeuza kwa kiasi kidogo mno. Jambia limekuwa jeusi, uzi umefumka, ala imelegea, linaonekana chakavu. Anapita mtu, anasema kwa huruma kwamba atalichukua kwa bei ya chuma kikuukuu. Au hatua ya kabla ya hapo: kijana wa nyumbani analipeleka likasuguliwe ling'ae, likawekewe mpini mpya na bapa jipya lisiloshika kutu. Kwa macho yake amelipandisha thamani, kumbe ameondoa karibu kila kitu ambacho mkusanyaji angelilipia. Rangi ya uzee juu ya fedha na chuma ndiyo hati yake. Ala iliyozaliwa pamoja na bapa lake ikitenganishwa nalo, viwili hivyo mbalimbali havifikii nusu ya thamani ya pamoja. Usisugue, usinoe, usibadilishe, mpaka wajuzi wawili wasiojuana wamelitazama. Na habari za mwenye jambia, jina lake, picha ya harusi alipolivaa, mwaka, ziandikwe na kuwekwa pamoja nalo. Bila karatasi hiyo, jambia la babu ni jambia la mtu yeyote.

Kuhusu haki zenu, tutasema kwa ufupi. Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Kenya iko Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012. Lakini sheria huhitaji kitu cha kushika. Muuzaji aliyesema "kisu kizuri sana" ametoa maoni yake, na maoni hayashtakiwi. Aliyesema "fedha tupu", "kimetengenezwa Solingen", "ni cha kabla ya vita vya kwanza", ametaja mambo yanayoweza kuthibitishwa au kukanushwa. Basi mwombe ayaandike hayo hayo kwenye risiti, kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na jina la duka na tarehe. Risiti iliyoandikwa "kisu kimoja" haitamsaidia mtu. Tumeona kwamba bei hushuka ghafla kalamu inapotolewa, na kushuka huko kunafundisha kuliko maelezo yetu yote.

Mwisho, juu ya kutunza, kwa kuwa hewa ya pwani haina huruma. Visu visikae miaka ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunywa unyevu na kuurudisha kwenye chuma. Vipakwe mafuta ya mashine membamba, vizungushiwe kitambaa kikavu, ala iwekwe kando yake. Visu vya zamani vyenye mpini wa seluloidi, ile plastiki ya mwanzo iliyofanana na kobe au lulu, vitengwe peke yake, maana seluloidi ikizeeka hutoa mvuke unaokula chuma cha majirani zake.

Waliokuja leo na visu au majambia yao wanaombwa wayalete mezani mmoja mmoja, yakiwa ndani ya ala, na watwambie waliyoambiwa na muuzaji kabla ya kutwambia bei.